Kipupwe cha Lushoto: Usilale na jiko la mkaa ndani



Tuko mwezi wa Julai, msimu wa kipupwe. Wakazi wa Lushoto na vijiji vya milima ya Usambara wanajua wiki moja ya mwezi huu ilivyo: asubuhi ukungu, adhuhuri jua, baada ya Alasiri manyunyu, na usiku baridi kali. Mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Upepo wa kusi nao hutoka baharini na unyevu wake, hupanda mlima na kupoa, ndipo tunapopata ukungu na manyunyu. Ndiyo maana anayetoka Mombo na shati jepesi hufika juu akitetemeka.

Baridi hiyo tumeizoea. Hatari kubwa ipo katika namna tunavyoikimbia: tunafunga milango na madirisha, tunaingiza jiko la mkaa chumbani, kisha tunalala.

Wengi hudhani mkaa ukishakolea na moshi kwisha, hatari imekwisha. Sivyo. Mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hivyo mtu anavuta pumzi, lakini mwili wake unakosa oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Aliyelala hazisikii; usingizi wake huweza kuishia katika mauti.

Dini yetu ilitutahadharisha mapema. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala. Basi kuzima jiko ni kufuata Sunna na ni kulinda nafsi.

Wiki hii inayokuja, fanya yafuatayo:

1. Jiko libaki nje au jikoni penye hewa. Usiliingize chumbani hata kwa muda mfupi wa kupasha joto chumba.

2. Chemsha maji jioni, uyahifadhi kwenye chupa ya chai. Alfajiri utayachanganya na ya baridi kwa ajili ya udhu. Ama anayehofia kudhurika na maji baridi, naye hana njia ya kuyapasha, sheria imempa ruhusa ya kutayamamu. Amuulize sheikh wake.

3. Mtoto avae nguo kavu mbili au tatu, kofia na soksi. Akilowa manyunyu akitoka madrasa, abadilishwe nguo mara moja. Jua likitoka, mpunguzie, na uanike mablanketi.

4. Acha upenyo wa hewa dirishani. Hewa nzito na moshi huwadhuru wenye pumu, na vimelea vya kikohozi huenea haraka chumba kinapojaa watu.

Ukimkuta mtu amezidiwa chumbani penye jiko, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa safi upesi, kisha mkimbize hospitali. Huko atapewa oksijeni. Usimpe maziwa wala kitu chochote mdomoni ikiwa hajitambui.

Jingine ni nimonia kwa watoto. Mtoto mwenye kikohozi, akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili ukitazama saa. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 12, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Pia tazama kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya, au amepata degedege. Ukiona lolote kati ya haya, usingoje kupambazuke na usianze na dawa za kuotea. Mpeleke kituo cha afya hapo hapo.

Baba, kabla hujalala usiku wa leo, hakikisha jiko liko wapi. Mama, wakumbushe na majirani.

Allah atuhifadhi sisi na vizazi vyetu. Amin.