Kabla hujamuuzia mteja klachi, muulize maswali haya 5

Wauzaji wenzangu, leo nawapa hasara yangu ili isije ikawa yenu.

Mimi nauza spea za pikipiki mtandaoni. Picha naweka Instagram, bei tunamalizana WhatsApp, mzigo unapanda basi. Siku moja kaka mmoja wa Arusha akaniandikia: "Bosi, una pleti za klachi za chuma hiki?" Akatuma picha, pikipiki kubwa ya Kijapani. Nikamjibu kama tunavyojibu wote: "Zipo kaka, 280,000, nakutumia leo leo." Akalipa, nikatuma, nikafurahi.

Siku ya nne akapiga simu. Fundi amefungua injini, amefunga pleti mpya, ugonjwa ni ule ule. Akibana mkono wa klachi unalala mpaka kwenye usukani, gia haziingii, na pikipiki inasogea huku kaubana. Anataka hela yake. Na pleti zimeshalowa oili, nani atazinunua tena?

Nikamfuata fundi ninayemwamini pale Gerezani. Swali lake la kwanza: "Klachi ya mteja wako ni ya waya au ya mafuta?" Sikujua, maana sikuuliza.

Kumbe ilikuwa ya mafuta, na kilichokufa ni mpira mdogo ndani ya masta silinda, pale kwenye mkono. Spea ya 30,000! Tukakubaliana nimrudishie nusu. 140,000 yangu ikaenda hivyo.

Iko hivi. Bodaboda nyingi zina klachi ya waya: ukibana mkono, waya unavuta. Kwenye klachi ya mafuta, ukibana mkono, masta silinda inasukuma mafuta kwenye paipu, na mafuta yanasukuma pistoni ya silinda ya chini, upande wa injini. Hiyo ndiyo inayoachanisha pleti. Mafuta hayabonyei, ila upepo unabonyea. Upepo kidogo ukiingia mle ndani, nguvu ya mkono inaishia kuubonyeza, pleti haziachani.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijataja bei, nauliza hivi:

1. Ni ya waya au ya mafuta? Asipojua, mwambie apige picha mkono wa kushoto. Ukiona kikopo cha mafuta pale, ni ya mafuta.

2. Haiachii au inateleza? Gia zikiwa ngumu na pikipiki inasogea, haiachii: anza kushuku upepo, kuvuja au mpira. Injini ikilia sana lakini mwendo hauongezeki, inateleza: hapo ndipo pleti zinashukiwa. Hata hapo, uliza kaweka oili gani ya injini. Baadhi ya oili za gari zina vilainishi vinavyofanya klachi ya pikipiki iteleze. Aangalie kama kopo limeandikwa JASO MA. Na kama inateleza ikishapata moto tu, huenda kitundu cha kurudishia mafuta ndani ya masta kimeziba.

3. Akipampu mkono haraka haraka, unakuwa mgumu? Ukikaza, kuna upepo. Atoe upepo kwanza kabla ya kununua chochote. Ila akibana na kushikilia, mkono ukazama taratibu na nje hakuna tone, mpira wa masta umechoka.

4. Mafuta kwenye kikopo yanapungua? Pleti zikiisha, mafuta kwenye kikopo huwa yanapanda kidogo, hayashuki. Yakishuka, yanavuja mahali. Aangalie maungio ya paipu, kisha silinda ya chini.

5. Kifuniko cha kikopo kimeandikwa nini? Hapa usiuze kwa mazoea. Nyingi zinatumia DOT 4, ile ile ya breki, lakini zipo zinazotumia mafuta ya madini, mfano baadhi ya KTM zenye klachi ya Magura. Ukikosea, mipira inaharibika, na mteja anarudi kwako na mfumo mzima umekufa. Mwambie pia DOT 4 inakula rangi, kwa hiyo afunike tangi kwa kitambaa wakati wa kumimina. Na chupa iliyokaa wazi muda mrefu asiitumie, kwa sababu mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani.

Maswali haya nimeyahifadhi kwenye simu. Mteja akiuliza klachi, nayabandika, anajibu moja moja. Haichukui dakika 10.

Mwezi uliopita mtu wa Dodoma alitaka pleti. Baada ya majibu yake nikamuuzia chupa moja tu ya DOT 4, nikamwambia fundi wake atoe upepo. Faida yake hata nauli ya siku haikufika, nakubali. Kesho yake akaniandikia: "Gia zinaingia kama siagi." Wiki iliyofuata akaagiza cheni na sproketi zake, halafu akaniletea rafiki yake.

Hata kama wewe unauza chaja au blenda, jambo ni lile lile. Mteja anataja kitu anachodhani kitamtibu. Muulize kwanza anaumwa nini, ndipo umtajie bei.