Pikapu ya mtumba: Mkulima akague chasisi kabla ya rangi

MKULIMA wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, anapoamua kununua pikapu, mara nyingi fedha anayokwenda nayo ni mapato ya msimu mzima. Ikiishia kwenye gari bovu, anakosa usafiri na pia mtaji wa mbegu na mbolea wa msimu unaofuata. Hata hivyo, wanunuzi wengi huangalia rangi, redio na viti, wakasahau sehemu zinazobeba mzigo.

Wengi hukimbilia Toyota Hilux, pikapu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968, kwa sababu spea na mafundi wake hupatikana kwa urahisi. Sababu hiyo ni nzuri, lakini jina si dhamana. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota ilikubali kumaliza kesi nchini Marekani kuhusu kutu kwenye chasisi za pikapu zake za Tacoma na Tundra na gari la Sequoia, kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Katika nchi za baridi barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma. Gari lililotoka huko, au lililokaa muda mrefu pwani, likaguliwe kwa makini zaidi.

Chini ya gari

Mnunuzi aingie chini ya gari na tochi na spana. Agonge chasisi, hasa pale springi za nyuma zinaposhikiziwa na nyuma ya kebini, ambako chuma hupinda mzigo unapozidi. Chuma kizima hulia kwa mlio mkali. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu au huacha magamba. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari la zamani ni ya kutiliwa shaka, kwani huenda imefunika kutu au alama za kuchomelea. Aidha, tairi zilizolika upande mmoja huashiria kuwa magurudumu hayako sawa, au kwamba gari limewahi kugonga.

Injini

Gari liangaliwe asubuhi kabla halijawashwa. Mnunuzi aguse boneti. Ikiwa ni ya moto, ajiulize kwa nini muuzaji ameliwasha mapema. Injini ikiwa bado baridi, afungue rejeta: maji yenye mafuta, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ni dalili kuwa gasketi imekufa au silinda hedi imepasuka.

Baada ya kuwasha, aangalie ekzosi. Moshi wa bluu unaoendelea maana yake injini inaunguza oili. Moshi mweusi mwingi hutokana na chujio la hewa kuziba au nozeli kuchoka. Moshi mweupe usiokwisha injini ikishapata moto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda.

Injini za dizeli za 2L, 3L na 5L hutumia mkanda wa taimingi, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000. Kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, gharama ya mkanda mpya ihesabiwe kwenye bei.

Kilometa zipigiwe hesabu pia. Pikapu ya miaka 15 inayoonyesha kilometa 60,000 ingekuwa imetembea kilometa 11 tu kwa siku. Kwa gari la kazi, hilo ni jambo la kushangaza.

Magurudumu manne

Uvutaji wa magurudumu yote manne ujaribiwe kwenye udongo au mchanga, gia kubwa na gia ndogo. Kwenye lami kavu usijaribiwe, kwa kuwa pikapu nyingi za aina hii hukaza mitambo zinapokata kona. Mlio wa kuvuma kwenye difu, au gia inayochomoka yenyewe, ni gharama inayokuja.

Hesabu

Tuseme kuna pikapu mbili, moja Sh milioni 16 na nyingine Sh milioni 19. Ya kwanza inahitaji matengenezo ya injini ya Sh milioni 3, na ikilala gereji wakati wa mavuno mkulima anakodi gari safari 10 kwa Sh 150,000 kila moja. Jumla inakuwa Sh milioni 20.5. Ile iliyoonekana rahisi imeizidi nyenzake kwa Sh milioni 1.5, mbali na vitunguu vilivyooza shambani.

Kwa hiyo mkulima asitumie fedha yote kulipia gari. Abakize akiba ya oili, machujio, mkanda na tairi. Amlipe fundi wake mwenyewe, asiyetegemea kamisheni ya muuzaji, na kama kasoro ni ndogo azitumie kupunguza bei.

Mwisho, namba za chasisi na injini zilingane na kadi ya gari, na umiliki uhamishwe TRA kabla ya malipo ya mwisho. Baada ya hapo kila lita ya dizeli na kila spea iandikwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.