Mtungi wa Oksijeni Mlimani: Vali na Regyuleta Vijaribiwe Kabla ya Safari

Waongoza watalii wengi wanaopandisha wageni Mlima Kilimanjaro hubeba mtungi mdogo wa oksijeni kwa ajili ya dharura. Hata hivyo, mtungi uliojaa hauna msaada wowote iwapo regyuleta iliyobebwa haikai sawasawa kwenye vali yake. Kasoro hiyo ikigundulika mjini Moshi, kifaa hubadilishwa na safari ikaendelea. Ikigundulika usiku katika kituo cha Kibo, takribani mita 4,700 juu ya usawa wa bahari, mgonjwa akiwa anahema kwa shida, hakuna pa kubadilishia.

Katika kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Baadhi ya wapandaji huumwa kichwa na kutapika; wachache hujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, hali zinazoweza kuua. Tiba ya kwanza ni kumteremsha mgonjwa. Oksijeni humsaidia wakati akiteremshwa, wala haichukui nafasi ya kuteremka.

Ndani ya mtungi, gesi hubanwa kwa shinikizo linaloweza kuzidi bar 130, ambalo binadamu hawezi kulivuta moja kwa moja. Regyuleta hulipunguza na kuitoa gesi kwa kipimo cha lita kwa dakika. Ugumu hutokana na ukweli kwamba vali hazifanani, kwa kuwa mitungi hutengenezwa kwa viwango vya nchi mbalimbali.

Mitungi mingi midogo ya hospitali ina vali yenye vitundu, na regyuleta yake huivaa kama nira na kukazwa kwa skrubu ya pembeni. Pini mbili za regyuleta huingia kwenye vitundu viwili vya vali. Kwa oksijeni, vitundu hivyo viko nafasi ya 2 na ya 5. Kwa hewa ya kawaida, nafasi ya 1 na ya 5. Mpangilio huo uliwekwa makusudi ili mgonjwa asipewe gesi isiyo yake. Mitungi mikubwa ya wodini aghalabu hutumia vali ya kufungia kwa hesi, na hesi za kiwango cha Uingereza haziingiliani na za Marekani.

Mitungi ya wapiga mbizi wa Unguja na Mafia nayo ina regyuleta za nira na za hesi, na kwa macho nira yake hukaribia kufanana na ya hospitali. Hata hivyo, haina pini hizo, mtungi wake kwa kawaida hubeba hewa iliyobanwa, na regyuleta yake haikuandaliwa kwa oksijeni tupu. Vifaa hivyo visichanganywe.

Anayenunua au kukodi vifaa asome kwanza lebo ya mtungi ili kujua gesi iliyomo, kisha aangalie aina ya vali na kuchukua regyuleta ya aina hiyo hiyo. Washa ya kuzuia uvujaji iwe moja tu na isiyo na ufa. Kuongeza washa ya pili kunaweza kuzifanya pini zisifike kwenye vitundu vyake, na kinga yote ikapotea. Pini zisikatwe, wala hesi isilazimishwe kwa spana.

Mafuta ni hatari nyingine. Mafuta au grisi yakikutana na oksijeni yenye shinikizo kubwa yanaweza kuwaka. Mpandaji aliyejipaka mafuta ya mgando au ya kujikinga na jua anawe na kukausha mikono kabla ya kugusa vali, na vali ifunguliwe polepole.

Baada ya kuunganisha, geji isomwe na muda ukadiriwe. Mtungi wenye ujazo wa lita 2 na shinikizo la bar 150 una takribani lita 300 za oksijeni. Kwa lita 2 kwa dakika, utadumu dakika 150; kwa lita 4, dakika 75. Kumshusha mgonjwa kwa machela kutoka Kibo hadi Horombo kunaweza kuchukua saa kadhaa, hivyo hesabu hiyo ifanywe mapema.

Jaribio lote huchukua dakika chache: kuunganisha, kufungua, kusikiliza kama kuna uvujaji, kusoma geji na kufunga. Lifanywe kabla mizigo haijafika lango la Marangu, Machame au jingine lolote, kwa mtungi na regyuleta vitakavyopanda pamoja, navyo vifungwe katika mfuko mmoja. Mgeni anayo haki ya kuomba kuonyeshwa jaribio hilo. Familia zinazomhudumia nyumbani mgonjwa anayetumia oksijeni zinapaswa kufanya vivyo hivyo kila mtungi unapobadilishwa, kabla msambazaji hajaondoka.