Mto mmoja, idara tatu: Usipange utafiti wako peke yako

Asubuhi umefungua mfereji, maji yakatoka. Ukachomeka chaja, simu ikaingia chaji. Mchana ukapita kibandani, ukaagiza wali maharagwe. Siku ya kawaida tu Nairobi, sivyo?

Basi jua kwamba huenda vyote vitatu vimetoka kwa mto mmoja: Tana. Maji mengi ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, kwenye Mto Thika unaoingia Tana. Mpunga wa Mwea hunyweshwa na mito ya Thiba na Nyamindi, nayo pia huishia Tana. Kisha Tana huzungusha mitambo ya stima katika mabwawa matano ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Gitaru pekee ina uwezo wa megawati 225.

Hapo ndipo kuna kivumbi. Maji yanayobaki mashambani Mwea hayazungushi mtambo. Mkulima akilima mteremko bila matuta, udongo husombwa hadi Masinga na kina cha bwawa hupungua. Mvua ikizidi, kama ilivyokuwa 2024, mabwawa hufurika na wakazi wa Garissa na Tana River ndio huhama makwao.

Sasa angalia tunavyosoma chuoni. Wa uhandisi anahesabu megawati. Wa kilimo anahesabu magunia kwa ekari. Wa sheria yuko na vifungu vyake. Kila mmoja anakabidhi mradi wake, anafuzu, karatasi zinabaki kabatini zikila vumbi. Hata serikalini ni vivyo hivyo: Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kilimo na huduma za maji, lakini sera ya kawi ikabaki kwa serikali ya kitaifa.

Ikiwa unapanga utafiti mwaka huu, anza na mahali, si somo lako. Uliza hivi: Masinga ikibaki nusu, nani apewe maji kwanza, mpunga, mtambo au mji? Swali kama hilo hulimalizi ukiwa peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tafuta wenzako kabla ya kuandika pendekezo. Mkikutana mwishoni mtakuwa tu mnashona ripoti tatu kwa uzi mmoja. Kubalianeni mapema mtapima kipindi gani, kwa sababu mhandisi huwaza saa za jioni watu wanapowasha taa, naye mkulima huwaza msimu mzima. Msipoelewana hapo, data zenu hazitasalimiana.

Waulizeni pia wasimamizi wenu, mapema, alama zitagawanywa vipi. Urafiki mwingi huvunjikia hapo. Kisha ombeni kibali cha NACOSTI kabla hamjaenda nyanjani.

Na mkifika Mwea au Garissa, msiende na fomu mkononi pekee. Keti na wazee, akina mama na vijana wa pale, wawaambie swali lenu limekosea wapi. Mkimaliza, rudini na majibu. Wao ndio watakaoishi na sera hiyo.

Leo usiku stima ikipotea au mfereji ukikauka, usiishie kulalamika kwenye grupu la WhatsApp. Andika swali lako, kisha mpigie yule beste yako wa idara ile nyingine.