Ghorofa na gharama ambayo haimo kwenye mkataba

Ukipita Upanga, Dar es Salaam, siku hizi, kila baada ya mitaa michache unakutana na uzio wa mabati. Mahali palipokuwa na nyumba ya chini, ua na mwembe, sasa pana shimo refu la msingi. Kutoka shimoni hutokeza mpira mnene unaomwaga maji barabarani usiku na mchana. Wapita njia huruka dimbwi, wauza chai husogeza meza zao, na maji huingia mtaroni yakiwa na rangi ya udongo.

Maji hayo hayatoki kwenye bomba lililopasuka. Ni maji ya ardhini. Karibu na bahari maji haya hayako mbali na uso wa nchi, kwa hiyo mkandarasi anayechimba maegesho ya chini ya jengo hana budi kuyavuta ili msingi ukauke. Yakivutwa kwa wiki nyingi, kina cha maji katika visima vya jirani hushuka, na maji ya chumvi hupata mwanya wa kusogea nchi kavu. Udongo ulioondokewa na maji nao hutitia, na hapo ndipo ukuta wa jirani unapoanza kupasuka. Tope likitulia mtaroni, mvua ya kwanza ya masika haina pa kupita.

Yote hayo hutokea kabla hata nguzo moja haijasimama, na anayeumia wa kwanza hana hisa katika jengo hilo.

Makala haya hayapingi maghorofa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu hao wakipewa kila mmoja kiwanja cha nyumba ya chini, jiji litaendelea kumeza mashamba na misitu ya Pwani. Barabara, mabomba na nyaya za umeme zitazidi kurefuka, na mfanyakazi ataamka alfajiri zaidi ili awahi kazini. Kujenga kwenda juu kunaokoa ardhi. Swali ni nani analipia madhara yanayovuka uzio.

Mchanga na saruji

Tufanye hesabu ndogo. Slabu ya ghorofa moja yenye mita za mraba 500 na unene wa sentimita 20 hula mita za ujazo 100 za zege. Kwa mchanganyiko wa kawaida, hiyo ni zaidi ya mifuko 600 ya saruji ya kilo 50, malori manne au matano ya mchanga ya mita za ujazo 10, na malori manane hivi ya kokoto. Zidisha kwa ghorofa 10, na hapo hujagusa msingi, nguzo, ngazi wala kuta.

Mchanga huo hutoka mahali. Kwa miaka mingi mabonde ya mito kama Mpiji, Mbezi na Tegeta yamechimbwa kulisha ujenzi wa jiji. Mto ukichimbwa kupita kiasi, kingo zake huporomoka, nguzo za madaraja hubaki wazi, na nyumba iliyokuwa mbali na maji hujikuta ukingoni. Tatizo hili ni la dunia nzima. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya 2022 ilikadiria kuwa binadamu hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka.

Saruji nayo ina deni lake. Utengenezaji wake huchangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na shughuli za binadamu. Zaidi ya nusu ya hewa hiyo haitokani na moto wa tanuri, hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa. Ndiyo maana kubadili nishati ya kiwanda peke yake hakutoshi.

Dawa mbili zipo karibu. Ya kwanza ni saruji iliyochanganywa na majivu ya volkano, ambayo Tanzania inayo katika ukanda wa Mbeya. Kila sehemu ya majivu inayochukua nafasi ya chokaa iliyochomwa hupunguza hewa ya ukaa. Ya pili ni kalamu ya mhandisi. Katika hesabu yetu, usanifu makini unaopunguza unene wa slabu kwa sentimita 2 tu, bila kugusa usalama, unaokoa mita za ujazo 100 za zege katika ghorofa 10. Hiyo ni sawa na slabu nzima ya ghorofa moja, pamoja na mchanga na kokoto zake zote.

Mvua na joto

Kiwanja chenye ua na miti hunywa sehemu kubwa ya mvua inayokiangukia. Kikishafunikwa na zege mpaka mpakani, hakinywi kitu. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya kiwanja cha mita za mraba 1,000 huleta lita 50,000 za maji. Kwa mtaa wenye viwanja 20 vya namna hiyo, ni lita milioni moja zinazokwenda mtaroni kwa wakati mmoja. Maji ya Kariakoo na Ilala huelekea bonde la Msimbazi, na wakazi wa Jangwani wanajua yanakoishia. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani ilijaa maji mara kadhaa.

Jiji hili liliwahi kujenga kwa akili zaidi. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa 1975, liliezekwa kwa miavuli ya zege iliyoachiana nafasi za kupitisha hewa na mwanga, na iliyobuniwa kukusanya maji ya mvua. Hiyo ilikuwa miaka mingi kabla ya maneno kama jengo la kijani kuvuma. Leo jengo la mabilioni ya shilingi linamwaga maji yote ya paa lake barabarani, kisha linanunua maji ya boza kumwagilia maua ya langoni.

Joto nalo lina hadithi kama hiyo. Kuta za vioo zinazotazama mashariki na magharibi hupokea jua asubuhi na jioni, na mwenye ofisi hulipa umeme wa viyoyozi mwaka mzima. Jengo likinyooshwa mashariki hadi magharibi, madirisha makubwa yakatazama kaskazini na kusini, na vivuli vya zege vikawekwa juu yake, sehemu kubwa ya joto haiingii kabisa. Upepo wa kaskazi na wa kusi unaijua pwani hii tangu enzi za majahazi. Msanifu anayepanga majengo yake ukuta kwa ukuta mbele ya bahari huwanyima upepo huo wote walio nyuma yake.

Kifusi, vumbi na kelele

Haya ndiyo malalamiko ambayo wajumbe wa mitaa huyapokea kila siku, na ndiyo rahisi kuyatibu. Lori la mchanga lifunikwe turubai na magurudumu yaoshwe kabla ya kuingia barabara ya lami. Jengo livikwe wavu, na vumbi limwagiwe maji. Zege la kumwaga usiku litangazwe kwa majirani mapema. Kabla ya kuchimba, kuta za nyumba za jirani zipigwe picha na nyufa zake zipimwe, ili ugomvi wa baadaye uwe na ushahidi. Maji yanayovutwa shimoni yapite kwanza kwenye tangi la kutuliza tope, na kina cha maji katika visima vya jirani kipimwe kila wiki.

Kifusi kisitupwe bondeni usiku. Watafiti wamekwishaonyesha kuwa zege la majengo yaliyobomolewa Tanzania linaweza kusagwa na kufyatuliwa matofali mapya. Kila lori la kifusi kinachosagwa ni mchanga na kokoto ambazo hazitachimbwa.

Bei ya ahadi

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi unaohitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira ufanyiwe tathmini hiyo kabla ya kuanza, na inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Ripoti za tathmini huwa nene na zina mpango mzuri wa kupunguza madhara.

Tatizo liko kwenye hatua inayofuata. Mpango ule hubaki kwenye ripoti, na mkataba wa mkandarasi huandikwa kando. Mkandarasi hulipwa kwa kilichomo kwenye orodha ya vipimo na bei. Nondo zimo, marumaru zimo, lifti imo. Tangi la kutuliza tope, wavu wa vumbi na gharama ya kupeleka kifusi mahali halali mara nyingi hazimo, na mshindi wa zabuni ni aliyetaja bei ya chini. Mkandarasi mwaminifu anayeweka gharama hizo kwa hiari yake anajiondoa mwenyewe kwenye ushindani.

Usimamizi uliolegea kwenye mazingira hauishii hapo. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Kisutu liliporomoka na kuua watu 36, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Jicho la mkaguzi linalopaswa kuona maji na kifusi ndilo linalopaswa kuona nguzo dhaifu.

Kwa hiyo halmashauri zisitoe kibali cha ujenzi mpaka hatua za mazingira zionekane kwenye mkataba zikiwa na bei, na benki zisitoe mkopo bila hilo. Nawe mkazi unayeitwa kwenye kikao cha wadau, usisaini mahudhurio ukaondoka. Uliza mambo matatu: maji ya msingi yatakwenda wapi, kifusi kitatupwa wapi, na fedha za kazi hizo zimeandikwa ukurasa gani. Hatua isiyo na bei kwenye mkataba haitatekelezwa, na gharama yake utailipa wewe.