Kufungua pampu ya Hilux kuukuu: Faida iko wapi?

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni ina urefu wa kilomita zipatazo 33 tu. Kwa mwenye gari kuukuu la dizeli, kinachotisha si urefu huo bali mwinuko. Safari inaanzia kwenye joto la tambarare na kuishia karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, kona baada ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde. Magari hupanda na mbolea, saruji na bidhaa za dukani. Hushuka na kabichi, karoti, nyanya na peasi.

Hapo ndipo pikapu aina ya Toyota Hilux iliyotengenezwa miaka ya 1980 au 1990 inapoonyesha umri wake. Dereva anarudi gia ya pili, kisha ya kwanza, huku mabasi madogo yakimpita. Jioni, wenzake wanamweleza kuwa dawa ipo: alipeleke kwa fundi akafunguliwe pampu. Fundi anageuza skrubu moja, dizeli inayoingia kwenye injini inaongezeka, na gari linapata nguvu siku hiyo hiyo. Malipo ni madogo. Mwenye uwezo zaidi hufunga tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa gari ili kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe.

Ni kweli gari linapata nguvu. Swali ambalo wenye magari wengi hawajiulizi ni la kibiashara: nguvu hiyo inaingiza shilingi ngapi, na inatoa ngapi?

Ili kulijibu, ni lazima kwanza kuelewa skrubu ile inafanya nini. Injini za Hilux za zamani, zile za 2L, 3L na 5L, hazina tabo. Kiasi cha hewa zinachovuta kimewekewa mpaka na ukubwa wa silinda zake, kuanzia lita 2.4 hadi 3. Kiwanda kilipima dizeli inayoweza kuungua na hewa hiyo, kikafunga skrubu pale. Dizeli ikizidi, sehemu yake inaungua na kuongeza nguvu kidogo, na sehemu nyingine inatoka ikiwa moshi mweusi. Moshi huo ni mafuta yaliyolipiwa kituoni yakatupwa hewani. Mbaya zaidi, joto ndani ya silinda linapanda.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa Tanga mjini wanaweza kulisahau kwa sababu wao wanafanyia kazi usawa wa bahari. Kadiri gari linavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Lushoto hewa imepungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na Tanga. Pampu iliyofunguliwa Ngamiani hadi ikaanza kutoa moshi kidogo tu, ikifika juu ya Soni itatoa wingu. Maana yake ni kwamba nguvu inapungua pale pale ilipohitajika, na joto linazidi pale pale injini imechoka.

Mfano wa hesabu unasaidia. Chukua gari linalotembea kilomita 600 kwa wiki na kutumia lita moja kwa kilomita tisa. Linahitaji takriban lita 67. Baada ya kufunguliwa pampu, tuseme linakwenda kilomita saba na nusu kwa lita. Sasa linahitaji lita 80. Tofauti ni lita 13 na ushei kila wiki. Kwa dizeli ya Sh3,000 kwa lita, hiyo ni Sh40,000. Kwa wiki 50 za kazi ni Sh2 milioni.

Upande wa mapato, tuseme gari lililokuwa likipanda Mombo hadi Lushoto kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa sasa linapanda kwa kilomita 40. Safari iliyochukua dakika 66 itachukua karibu dakika 50. Mwenye gari amenunua dakika 16. Bei ya kabichi haibadiliki kwa dakika 16. Anayewahi soko la alfajiri anaweza kuzipata dakika hizo bure kwa kupakia mapema kidogo. Kila mtu aweke bei na kilomita zake mwenyewe katika hesabu hii, lakini si rahisi ikageuka kuwa faida kwa mbeba mazao.

Tabo ni habari tofauti kidogo, kwa kuwa yenyewe inaleta hewa, na dizeli ya ziada inapata kitu cha kuunguzia. Gari lenye tabo iliyofungwa vizuri linaweza kupanda mlima bila moshi. Hata hivyo, injini za zamani za Toyota zina mgandamizo mkubwa, takriban 22 kwa 1, na dizeli yake huanza kuungua katika chumba kidogo kilichomo kwenye kichwa cha silinda. Joto linakusanyika hapo. Toyota yenyewe iliuza injini za 2L-T na 2L-TE zenye tabo ya kiwandani, nazo zimejulikana kila mahali kwa vichwa vya silinda kupasuka. Mfano mwingine ni Land Cruiser. Injini ya 1HZ ya lita 4.2, ambayo inasifika Afrika Mashariki nzima kwa uvumilivu, haikutoka kiwandani na tabo. Toyota ilipotaka tabo kwenye injini ya ukubwa huo huo mwaka 1990 ilitengeneza nyingine, 1HD-T, ambayo dizeli yake hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Kampuni ingeweza kuongeza tabo kwenye 1HZ na kuokoa gharama. Haikufanya hivyo.

Anayeshikilia kufunga tabo kwenye gari kuukuu basi aifunge ya msukumo mdogo, aweke na kipimo cha joto la moshi mbele ya dereva, na asiruhusu joto hilo kupita digrii 700 hivi. Oili ibadilishwe mapema zaidi, na injini iachwe inguruma taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, kwani tabo hupozwa na oili inayozunguka. Bila kipimo hicho, dereva atajua joto limezidi siku gasketi itakapoungua.

Mara nyingi gari linaloitwa zito halihitaji nguvu mpya, bali linahitaji kurudishiwa ile liliyonunuliwa nayo. Filta ya hewa iliyojaa vumbi jekundu la njia ya Amani inainyima injini pumzi. Nozeli zilizochoka hazipulizi dizeli kama ukungu, zinaidondosha. Valvu zisizopimwa miaka mingi hazifungi sawasawa. Breki iliyoganda kwenye gurudumu moja inavuta gari nyuma kutwa nzima bila dereva kujua. Fundi mwenye mashine ya kupimia nozeli anaweza kurudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyopotea, na matumizi ya mafuta yakapungua badala ya kuongezeka. Hayo ndiyo maboresho ya kwanza ya kulipia.

Joto ndilo linaloua injini nyingi kuliko umri. Katika gereji nyingi, gari likichemsha, jambo la kwanza fundi analofanya ni kung'oa themostati na kuitupa. Kwa siku chache inaonekana amefanikiwa. Lakini themostati iliwekwa ili injini ifike joto lake la kazi haraka na ikae hapo. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula mafuta zaidi, oili yake huchafuka upesi na pistoni husagika. Na chanzo cha kuchemsha bado kipo: rejeta iliyoziba, feni ambayo mafuta mazito ya klachi yake yamevuja hadi haishiki tena, mfuniko wa rejeta uliolegea, au mpira uliochoka. Themostati mpya ni moja ya spea za bei nafuu kwenye gari.

Maji nayo yana sehemu yake. Visima vingi vya mwambao, kuanzia Pangani hadi Mkinga, vina maji ya chumvi. Dereva anayejaza rejeta kwa maji hayo anapika chumvi ndani ya injini, na utando wake unaziba njia za maji. Rejeta ijazwe maji safi yaliyochanganywa na dawa yake ya kuzuia kutu, na mchanganyiko ubadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

Baada ya joto, adui mkubwa ni uchafu ndani ya dizeli. Pampu ya Hilux hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, haina oili nyingine. Ndiyo maana miaka ya nyuma mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli yaliwagharimu wenye magari pampu nyingi: mafuta ya taa ni membamba, hayalainishi. Yalikuwa ya bei ya chini, na wachakachuaji walipata faida kwenye tofauti hiyo. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na katika bajeti ya 2011/12 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa mvuto wa kuyachanganya. Kenya nayo ilitoza Sh18 za Kenya kwa kila lita mwaka 2018 kwa sababu hiyo hiyo. Watumiaji wa taa za koroboi waliumia, jambo ambalo halikujadiliwa vya kutosha, lakini pampu za dizeli zilipumua.

Kilichobaki ni maji. Dizeli inayouzwa kwa madumu vijijini mbali na vituo haina uhakika. Chini ya filta ya dizeli ya Hilux kuna koki ndogo, na juu yake kitufe cha kupampia kwa mkono. Mara moja kwa wiki, gari likiwa limelala usiku kucha, weka kopo chini, legeza koki, pampu hadi yatoke mafuta matupu, kisha kaza. Kazi hiyo haifiki dakika tano. Maji yakiingia kwenye pampu yanaleta kutu, na pampu yenye kutu hurekebishwa kwa fedha za mavuno ya msimu.

Mkanda wa taimingi haufai kufanyiwa mzaha hata kidogo. Katika injini hizi za Toyota unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye magari mengi kuna taa ya dashibodi inayowaka muda ukifika. Baadhi ya madereva huchomoa balbu yake. Mkanda ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na gari linasimama pale pale lilipo. Gari la kilomita 30,000 kwa mwaka linahitaji mkanda mpya kila baada ya miaka mitatu na miezi michache, pamoja na beringi yake na sili za oili zilizo jirani. Anayenunua gari la mtumba bila kumbukumbu za matengenezo abadilishe mkanda kwanza, hata kama anaambiwa ni mpya.

Oili ya injini na filta yake zibadilishwe kila kilomita 5,000, na iwe oili ya injini za dizeli.

Kwa wanaobeba samaki, dagaa au chumvi, chesesi inahitaji jicho la pekee. Maji ya barafu yanayodondoka kutoka kwenye matenga ya samaki hula chuma kuliko upepo wa baharini. Gari lioshwe chini kwa maji baridi kila baada ya safari. Waya wa ethi kati ya betri, bodi na injini ukaguliwe, maana kutu ikishika hapo stata huvuta kwa shida na mwenye gari hukimbilia kununua betri asiyoihitaji.

Kushuka mlima kuna hasara yake pia. Wapo madereva wanaoweka nyutro, au kuzima injini kabisa, kutoka Soni hadi Mombo wakiamini wanaokoa mafuta. Gari la dizeli likiwa kwenye gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, pampu hukata dizeli yenyewe. Kwenye nyutro injini inaendelea kunywa ili isizimike. Na ikizimwa, pampu ndogo iliyoko nyuma ya altaneta, inayosaidia mguu kubana breki, inasimama nayo. Gari lenye tani moja na nusu ya kabichi, ambalo liliundwa kubeba tani moja, linabaki na breki ngumu kama jiwe. Kuongeza majani ya springi huzuia bodi isikae chini, lakini hakuongezi breki.

Fedha za matengenezo haya zinatoka wapi? Njia rahisi ni kutenga kiasi kwa kila kilomita, kama nauli ambayo gari linajilipa lenyewe. Kwa Sh100 kwa kilomita, gari la kilomita 600 kwa wiki linajiwekea Sh60,000, yaani Sh3 milioni kwa mwaka. Hela hiyo ikae mbali na ya mafuta na ya marejesho ya mkopo wa SACCOS. Daftari la kilomita liwe ndani ya gari, na tarehe ya mkanda iandikwe kwa rangi kwenye mfuniko wake, ili hata fundi mgeni aione.

Kwa wabebaji wa machungwa ya Muheza, wakati wa kazi hizi ni masika, Machi hadi Mei, njia za Amani na Maramba zinapoteleza na gari linakaa zaidi kuliko linavyotembea. Msimu mkubwa ukishaanza katikati ya mwaka, machungwa yamejaa shambani na wanunuzi wa Dar es Salaam na Mombasa wanapiga simu, hakuna mwenye gari atakayekubali lilale gereji siku mbili kwa ajili ya mkanda ambao bado haujakatika.