'Nice' lilikuwa tusi: Vivumishi vya Kiingereza vilivyogeuka maana

Na Mwandishi Wetu

MSOMAJI anayefungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile inayojulikana kwa jina la Mfalme James, atakutana na jambo la kushangaza katika Kitabu cha Yeremia, sura ya 24. Nabii anaonyeshwa vikapu viwili vya tini. Kimoja kina tini nzuri sana. Cha pili kina tini ambazo watafsiri walizipa sifa ya "naughty", neno ambalo leo mzazi hulitumia kwa mtoto mtundu.

Tini haina utundu. Biblia ya Kiswahili husema tu kwamba zilikuwa mbovu, zisizoweza kulika. Watafsiri wale hawakukosea, bali neno ndilo lililohama. "Naughty" limetokana na "naught", yaani si kitu. Kwanza lilimhusu mtu fukara, kisha mtu au kitu kisichofaa, kisha mwovu hasa, na hatimaye likalegea hadi kufikia makosa madogo ya watoto. Neno hilo limo pia katika The Merchant of Venice, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri na kuiita Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mwanafunzi anayelisoma humo kwa maana ya leo anaugeuza uovu kuwa mzaha.

"Nice" limepita njia ya ajabu zaidi. Asili yake ni neno la Kilatini "nescius", asiyejua. Liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale takriban mwaka 1300, likiwa na maana ya mpumbavu, na kumwita mtu hivyo zama hizo kulikuwa kumtukana. Baadaye lilimhusu mtu mwenye kuchaguachagua, kisha mtu makini katika mambo madogomadogo, na katika karne ya 18 likawa la kupendeza. Lilienea mno hata Jane Austen, katika riwaya yake Northanger Abbey iliyotoka mwishoni mwa 1817, akamweka mhusika amtanie msichana kwa kulibandika kila mahali. Walimu wa insha wangali na kilio hicho hadi leo.

"Silly" lilishuka wakati "nice" likipanda. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha mwenye heri, na ndugu yake wa Kijerumani, "selig", angali na maana hiyo. Kutoka mwenye heri likawa asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, kisha dhaifu, na mwishowe mjinga. Mtu mwema asiye na hila huonekana rahisi kudanganywa. Kwa mlango huo sifa ikageuka dharau.

"Sad" nalo lilikuwa aliyeshiba. Uzito wa tumbo ukawa uzito wa tabia, kisha uzito wa moyo.

Mabadiliko haya si ya Waingereza peke yao. "Terrific" lilimaanisha la kutisha kabla ya kuwa sifa ya kitu bora, na vijana wetu wanaposema wimbo fulani ni mkali wamefuata njia ileile. Hali kadhalika, "artificial" liliwahi kumaanisha lililofanywa kwa ustadi, kabla ya kuhusishwa na vitu visivyo halisi. Anayeona ajabu na asikilize neno "usanii" linavyotumika katika siasa za Tanzania, ambako mara nyingi halihusu sanaa bali udanganyifu.

Kwa anayesoma maandiko ya zamani, kamusi ndogo ya mfukoni haitoshi, kwa kuwa hutoa maana za leo tu. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884, hupanga maana za neno kwa kufuata historia, ya kale ikitangulia.

Humo "quick" halianzi na wepesi, bali na uhai. Ndiyo maana katika sala za kale za Kanisa la Anglikana Kristo atakuja kuwahukumu "quick" na wafu. Hawajaitwa hivyo kwa sababu ya mbio zao. Ni watu walio hai. Nyama laini iliyo chini ya ukucha, ile inayouma ikiguswa, ingali inaitwa kwa jina hilohilo.